Komeo la Saluni ya Malaz

Hakufungua.

Najua wiki nzima mmekuwa mkibishana. Tulipoachana, Zipporah alikuwa ameshika komeo la mlango wa saluni, na nje Turki alikuwa akigonga kwa pete yake, askari na fundi wa kufuli wamesimama nyuma yake. Kuna walioniandikia kwamba mwanamke mwoga vile atafungua tu, mambo yaishe. Basi nyinyi hamumjui. Zipporah aliutoa mkono kwenye komeo, akajifuta jasho, akarudi kusimama nyuma ya kiti cha bibi harusi.

Alisema kwa Kiarabu, bila kupaza sauti, "Humu ndani kuna wanawake, vichwa wazi. Mmoja anaolewa kesho. Atakayevunja huu mlango atawaeleza baba zao."

Kugonga kukakoma. Kisha askari akasikika akimuuliza Turki kwa nini hakumwambia mapema kwamba kuna wateja. Turki akasema hii ni saluni ya mama yake. Askari akamjibu kwamba saluni ni ya mama yake, sawa, lakini mabinti walio ndani si wa mama yake. Yeye haingii mahali wanawake wamevua mitandio, hata aitwe na nani. Ataketi garini, kwenye kiyoyozi, mpaka mteja wa mwisho atoke. Hapo fundi atafanya kazi yake.

Maryann, aliye mdogo kuliko wote na mwenye mdomo wa Nairobi, akacheka hadi akaangusha chanuo. Zipporah hakucheka. Alikuwa anajua kwamba sasa kila kitu alichojenga kimening'inia kwenye nywele za mtu.

Wewe uliyenunua gazeti leo kwa sababu ya matokeo ya mpira, njoo nikudokeze upesi, wenzako wasubiri kidogo.

Zipporah, mama Kerubo, ni wa Nyamira. Alikuja Riyadh kuwa mtumishi wa ndani kwa Madam Hessa, akamlea huyuhuyu Turki tangu akiwa na meno ya utoto. Watoto walipokua, Madam alimruhusu afungue saluni hapa mtaa wa Malaz, kwa jina la Madam, maana mwenye ikama, yaani kibali cha kuishi, ya mtumishi hawezi kufungua hata kibanda cha maji. Zipporah akawaleta Rosebellah, Lydia na Maryann. Wote watatu wameandikwa watumishi wa nyumba ya Madam, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwoshea kikombe. Mikono yao ikapata sifa, mabinti wa Riyadh wakawa wanakuja kusukwa kutoka pande zote. Lakini kibao mlangoni kiliandikwa jina la Hessa, na jina hilo ndilo Turki alilolishika sasa.

Ndipo wanawake hawa, pamoja na Adhiambo mwenye jiko la chakula kule Jeddah na mafundi wa nguo wa hukohuko, wakaunda chama chao, Tujipange. Walizunguka ofisi baada ya ofisi mpaka wakapata leseni ya kampuni yao wenyewe, majina yao wenyewe. Kilibaki kitu kimoja tu. Madam alitakiwa kubonyeza kidole kwenye simu yake, aiachilie saluni, awaachilie na wanawake wahamie kwenye kampuni. Alikuwa ameahidi. Kisha moyo wake ukaanza kumchezea akiwa kwa binti yake Jeddah, akalazwa, na Turki akatafuta mnunuzi wa saluni pamoja na wasukaji wake, kama viti.

Kwa hiyo leo Adhiambo ameketi Jeddah kando ya kitanda cha Madam, chupa ya uji mapajani, anangoja bibi aamke. Na huku Riyadh Zipporah anatakiwa auweke mlango umefungwa mpaka kidole kile kibonyezwe. Umeelewa? Haya, twende.

Zipporah aligawa kazi kwa macho. Wateja walikuwa watatu, na mmoja alikuwa amebakiza misuko michache. Lydia akaanza kumsuka polepole, akigawa nywele nyembambanyembamba ambazo siku nyingine angezivuta kwa mkupuo. Msusi mzuri anajua kwenda haraka. Kwenda polepole bila mteja kushtuka ni ufundi mwingine kabisa, na Lydia alikuwa nao.

Turki alirudi mlangoni. Safari hii hakugonga. Aliongea taratibu, kama anayebembeleza, akilitamka jina la Zipporah Kiarabu kama alivyozoea utotoni.

"Zibora, mimi sikuchukii. Umenilea."

"Nilikulea."

"Basi niambie ukweli. Wewe ni mwenye biashara?"

 Zipporah alijua anakoelekea.

"Ijumaa iliyopita nani alipika kwetu?" aliuliza Turki. "Nani aliosha ua? Sikukuu nani alisimama jikoni tangu alfajiri? Mwenye biashara gani huyo anayeosha vyoo vya watu? Wewe ni mtumishi wa mama yangu, na ushahidi umeuleta mwenyewe kila wiki."

Hapo ndipo alipompata. Kila Ijumaa, miaka yote ya saluni, Zipporah alipanda teksi akaenda kwa Madam akapika, akapiga deki, akamkanda bibi miguu. Hakuna aliyemtuma. Rosebellah alimwambia mara nyingi aache, akamjibu kwamba mtu aliyekushika mkono humwachi hivihivi, kwetu hatufanyi hivyo. Kwake ilikuwa heshima. Kwenye macho ya Turki, na ya majirani wote walioziona Ijumaa hizo, ilikuwa kazi ya mtumishi ambaye hajawahi kutoka.

"Usipofungua naandika umetoroka kazini," Turki akamaliza. "Utaondoka nchi hii na nguo ulizovaa."

Akaondoka mlangoni. Dakika chache baadaye kiyoyozi kikakohoa, kikanyamaza, na taa zote zikazima. Turki alikuwa amefika kwenye swichi kubwa ya stima nyuma ya jengo.

Wewe uliyewahi kukaa Riyadh huhitaji kuelezwa. Vioo vya saluni vimezibwa vyote ili wapita njia wasione ndani, hewa haina pa kupita, na nje jua linakaanga lami. Punde kuta zikaanza kutoa joto. Mafuta ya nywele yakalainika ndani ya vikopo. Mteja wa kwanza akasema kichwa kinamuuma, wamwachie hapohapo. Akajifunika akatoka, na askari akamtazama kwa jicho la pembe kutoka garini. Wa pili, msichana wa chuo, alijitahidi, akatapika kwenye sinki, akaomba radhi mara nyingi, naye akaenda.

Akabaki bibi harusi peke yake. Afnan jina lake, binti wa Jeddah anayeolewa Riyadh, mweusi kama hawa waliokuwa wakimsuka, Msaudia wa kuzaliwa. Rasta zake nyembamba zilikuwa zimebaki upande mmoja tu. Zipporah aliuona ule upande, akaona jinsi ulivyo mdogo.

Simu ikaita. Adhiambo. Madam bado amelala, muuguzi amekataza aamshwe, na binti wa Madam ameenda kuswali, akirudi huenda akamfukuza Adhiambo chumbani. "Shikilieni hapo," Adhiambo alisema. "Mkiachilia huko, huku mimi najisumbua bure."

Zipporah akakata simu, akabaki ameishika. Afnan alikuwa akimtazama kwenye kioo, katika ule mwanga hafifu uliopenya chini ya mlango.

"Yule mtu anataka duka lenu," Afnan alisema.

Zipporah akamwambia ukweli wote, kwa maneno machache, kwa sababu hakuona faida ya uongo tena. Akamwambia kwamba nywele zake zikiisha na wao wameisha, lakini kesho ni harusi yake na hawezi kumzuia. Kama anataka kwenda, Rosebellah atamalizia upesi, na watamshukuru kwa uvumilivu.

Afnan alijifuta jasho usoni. Kisha akaeleza kwamba bibi yake aliuza mbegu za kutafuna Jeddah, ameketi chini kwenye kitambaa, maisha yake yote, kwenye kibaraza cha duka la mtu. Alikufa hajawahi kuwa na mlango wa kufunga jioni. Aliposema hivyo akainua mkono, akashika rasta moja iliyosukwa vizuri asubuhi ile, akaanza kuifumua kwa kucha.

"Hii imepinda," alisema. "Zote za upande huu zimepinda. Rudieni."

Maryann akaziba mdomo kwa kiganja. Lydia alikuwa tayari analia. Wakamzunguka Afnan wote wanne, mikono minane kwenye kichwa kimoja, wakafumua nusu ya kazi ya siku nzima, wakaanza upya gizani, wakitokwa na jasho mpaka nywele zikateleza vidoleni. Mara kwa mara Rosebellah alimpepea kwa gazeti la zamani. Nje fundi wa kufuli aliuliza kama anaweza kwenda nyumbani. Askari alimwambia anyamaze.

Hivyo ndivyo walivyoshinda mchana ule. Nataka mkumbuke kwamba walikuwa wameshinda, kabla sijawaeleza lililofuata.

Simu iliita tena wakati rasta za Afnan zilikuwa zimebaki kiganja kimoja. Adhiambo alikuwa ananong'ona. Madam ameamka, akili yake iko timamu, amekunywa uji, amekubali kubonyeza. Lakini anataka kwanza kuongea na Zipporah. Zipporah aliweka simu juu ya meza ya vitana, sauti wazi, maana kwenye Tujipange hakuna mazungumzo ya pembeni. Hiyo ni sheria yao ya kwanza.

"Zibora," ilisema sauti ya bibi, nyembamba, "uji wa huyu mwanamke hauna ndimu."

"Nitamwambia, Madam."

"Watoto wangu wananikalia hapa kama watu wanaongoja ndege. Kila mmoja anatazama saa. Sikiliza. Saluni chukueni, ni jasho lenu, mimi najua. Wasichana wako nawaachia, mmoja mmoja. Lakini wewe nakutaka nyumbani."

Mikono yote ikasimama kwenye nywele.

"Madam, mimi huja kila Ijumaa."

"Ijumaa hainitoshi. Sitaki kufia mikononi mwa mtu asiyejua nalala upande gani. Ukirudi nabonyeza. Usiporudi, simu nampa Turki, na afanye anavyotaka. Mimi nimechoka."

"Mpaka lini, Madam?"

"Mpaka nitakapokufa," alisema bibi, kama mtu anayetaja siku ya kufua. "Ongea na wenzako. Lakini usichelewe, binti yangu anarudi."

Nitawaambia kilichopita moyoni mwa Zipporah, maana wakati ule hakumwambia mtu. Alimfikiria mwanawe Kerubo. Alimwacha akijifunza kutembea, na sasa anavaa viatu vya ukubwa wa mama yake. Alikuwa amemwahidi kwamba ikama ikibadilika atakwenda nyumbani Desemba, na safari hii atakaa, kwa sababu mwenye kampuni hujipa ruhusa mwenyewe. Alifikiria kile chumba kidogo nyuma ya jiko la Madam, kisicho na dirisha. Na alimwonea Madam huruma, hilo ndilo lililomuuma zaidi. Angekuwa anamchukia ingekuwa rahisi.

Angeweza kukubali mwenyewe, au kukataa mwenyewe. Lakini Tujipange hawaamui hivyo. Jambo lolote linalogusa wote hupigiwa kura ya mikono, hadharani, na hata mwenyekiti ana mkono mmoja tu. Zipporah, aliye mwenyekiti, ndiye aliyeiweka sheria hiyo. Na kweli nikwambie, alitaka wakatae. Alitaka wamwambie tutaondoka wote au tutabaki wote, kama walivyoapa siku leseni ilipotoka.

"Mmesikia," aliwaambia. Mikono ya kila mmoja ilikuwa imeshika nywele za Afnan, na hakuna aliyeweza kuinua wa kura. "Anayesema nirudi kwa Madam, aachilie kichwa. Anayesema nisirudi, aendelee kusuka."

Afnan alifumba macho.

Mwanzoni hakuna aliyetikisika. Kisha Lydia akasema kwa sauti ndogo kwamba mume wake kule Kitale haamki kitandani, na wakimrudisha nyumbani mikono mitupu hajui watakula nini. Akaziachilia nywele. Akasimama na mikono yake mbele kana kwamba imelowa.

Maryann alimtazama Zipporah machoni. "Mama Kerubo, mimi usinichukie," alisema. "Mimi siwezi kurudi kule nilikotoka." Naye akaachilia.

Alibaki Rosebellah. Huyu ndiye ambaye Zipporah alimtoa kwenye nyumba moja ya mtaa wa Shumaisi akiwa na mkono umevunjika, akamficha, akampeleka kwa Madam, akamfundisha kusuka upya kwa vidole vilivyopona vibaya. Huyu ndiye aliyeapa kwa sauti kubwa kuliko wote. Rosebellah aliendelea kusuka. Hakumtazama mtu. Vidole vyake vilipokezana nywele chini, chini, mpaka Zipporah akahisi kifua kinafunguka. Wawili kwa wawili. Na kura zikilingana, mwenyekiti hashindwi.

Rosebellah akafika mwisho wa ile rasta. Akaifunga ncha kwa uzi, akakata uzi kwa meno. Hapakuwa na rasta nyingine upande wake. Angeweza kuchukua ya Lydia, ilikuwa inaning'inia pale wazi, imeachwa katikati.

Akashusha mikono.

"Nisamehe," alisema.

 Zipporah alibaki ameshika nywele peke yake, kisha akazisuka zile zilizobaki, zake na za Lydia na za Maryann, haraka safari hii, kwa ule ufundi wake wa siku zote, maana bibi harusi hana kosa. Alipomaliza alimfunika Afnan mtandio kwa mikono yake, akamtakia ndoa njema. Halafu akaisogelea simu.

"Nimekubali, Madam. Bonyeza."

Walisikia Adhiambo akimsaidia bibi kushika simu. Ujumbe ukaanza kuingia, mlio baada ya mlio kwenye ile saluni yenye giza. Wa kwanza ulikuwa wa saluni, imehamia kwenye kampuni. Kisha simu ya Rosebellah. Kisha ya Maryann. Kisha ya Lydia, aliyeketi chini sakafuni akaikumbatia simu kama mtoto. Walikuwa huru. Mlango ule, vile viti, vile vioo, vyote vilikuwa vyao kwa majina yao, na hakuna Turki wala mnunuzi aliyeweza kuvigusa. Simu ya Zipporah haikulia.

Alivaa abaya yake. Alichukua chanuo lake lenye mkia, akalitazama, akalirudisha mezani. Akalivuta komeo, akafungua mlango mwenyewe, na mwanga wa jioni ukamwingia machoni.

"Mama Kerubo." Ilikuwa sauti ya Adhiambo, bado iko kwenye simu mezani, imebadilika kabisa. "Mama Kerubo, usifungue."

"Nimeshafungua."

"Madam ameenda. Amebonyeza la Lydia, akaomba maji, nikageuka kumpa. Nikageuka tu."

Zipporah alisimama kizingitini. Alikuwa anakwenda kumtunza bibi mpaka atakapokufa, na bibi amekufa kabla hajatoka mlangoni. Kwa nusu dakika alidhani amekuwa huru, jamani, alidhani hivyo kweli. Kisha akamwona Turki amesimama kando ya gari, simu sikioni, akimsikiliza dada yake akilia kutoka Jeddah. Na akakumbuka kwamba mtumishi wa nyumba akifiwa na kafili, yule mdhamini wake, huwa wa nyumba. Na nyumba sasa ni ya mtoto wa kiume.

Turki aliishusha simu. Macho yake yalikuwa mekundu. Alimtazama Zipporah kwa muda mrefu, akamfungulia mlango wa nyuma wa gari.

"Ingia, Zibora," alisema taratibu. "Wageni wa msiba wanakuja, na nyumba imejaa vumbi."

Zipporah aligeuka kuwatazama wenzake. Askari alikuwa anampisha Afnan apite, fundi wa kufuli anakusanya vifaa vyake, na ndani kulikuwa na giza tupu, hakuona uso wa mtu. Aliona tu mlango ukisogea taratibu mpaka ukafunga.

Kisha akasikia komeo likirudishwa kwa ndani.